Moto wa Juni si moto wa Oktoba

Kila ikifika Septemba, picha ya moshi kutoka Pugu huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar, na chini yake maneno yaleyale: fungeni msitu, asiguse mtu, utapona wenyewe. Afisa misitu akithubutu kutaja kuchoma mapema, yaani kuchoma nyasi mwanzoni mwa kiangazi kabla hazijakauka kabisa, anaitwa mharibifu. Jamani, basi tuelewane.

Mti mbichi mkubwa hauwaki kirahisi. Kinachowaka ni nyasi, majani makavu na matawi yaliyoachwa na wachoma mkaa. Miti ikishakatwa, jua linafika chini na nyasi zinaota kumfunika mtu. Ukiufunga msitu wa namna hiyo miaka mitatu bila kuugusa, unachokusanya humo ni kuni. Mrina asali mmoja mzembe mwezi wa Oktoba anatosha kuondoa miche yote uliyokuwa ukiingoja.

Huko Ndola, Zambia, majaribio ya kuchoma vipande vya miombo, yaani msitu wa wazi wenye nyasi chini ya miti, yalianza 1933. Kilichochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka kiligeuka uwanda wa nyasi. Kilichochomwa mapema kilibaki na miti. Kilicholindwa kabisa kilisongamana vizuri, sikatai. Lakini kulinda kabisa maana yake moto usiingie hata mara moja, na hapa kwetu kuna barabara, mashamba na wawindaji kila upande.

Kuchoma mapema kwa Pwani ni Juni, pengine hadi mwanzo wa Julai, masika yakishakatika. Ila msifuate kalenda peke yake. Shika shada la nyasi: ncha ziwe kavu, shina karibu na ardhi liwe bado kijani na lina maji. Ukilikunja shina la chini likakatika kwa mlio, mmechelewa, rudini nyumbani. Washeni saa kumi jioni ili ubaridi na umande vimalizie kazi. Miezi hiyo unavuma kusi, upepo utokao kusini, kwa hiyo anzeni ukingo wa kaskazini, moto utambae dhidi ya upepo, ndimi zisifike kiunoni. Anayewasha upande wa kusini ili “uishe haraka” atapata moto unaokimbia kuliko yeye. Na kwa kuwa moto unaotambaa hukaa muda mrefu pale ulipo, vuteni kwanza matawi makavu mita mbili kutoka kwenye kila shina la mti, la sivyo utachemsha gome.

Kisha mabaka. Kipande kikibaki na mabaka yasiyoungua, watu wanadhani kazi imeshindikana na wanarudi na mienge kuyamaliza. Acheni! Mabaka ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta. Miche inajificha humo, na moto wa Oktoba ukija unakuta chakula kimekatikakatika.

Barabara ya moto, ukanda mtupu wa kuzuia moto usivuke, iwe na upana wa mita tano, ipigwe reki mpaka udongo uonekane. Nyasi zilizofyekwa na kuachwa palepale hukauka zikawa utambi.

Sasa asitokee mtu akasema nimemruhusu kuchoma Pugu au Kazimzumbwi. Msitu wa pwani uliofunga majani juu hauna uzoefu wa moto. Ndani yake hakuna kuchoma, nukta. Pale kazi ni pembezoni: barabara ya moto, nyasi za nje kuchomwa Juni, na ndani kung’oa lantana, kichaka kigeni kinachobana miche. Visiki vinavyochipua viachiwe machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, mengine yakatwe, kama wanavyofanya Dodoma kwenye kisiki hai, njia ya kuotesha miti upya kutoka kwenye visiki.

Ratiba za kuchoma za vitabuni zinapendeza, ila siziamini sana. Hata moto wa Juni unaua vichwa vya miche. Mninga mchanga hufa juu na kuchipua tena miaka kadhaa huku ukijenga mzizi, na bila kupumzishwa hauvuki urefu wa ndimi. Penye mininga michanga mingi, ruka. Choma kipande cha jirani.

Kibali ni lazima, Sheria ya Misitu ya 2002 haitaki moto wa kujiwashia: nendeni serikali ya kijiji na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, majirani wajue siku na saa. Asubuhi baada ya kuchoma pitieni mpaka wote mkigusa magogo kwa mgongo wa kiganja. Lenye joto lipasueni mlimwagie maji. Kulifukia udongo tu kunaficha kaa, na upepo wa mchana utalifukua.