Kijiko na ngazi: hatari za mgonjwa wa kiharusi akisharudi nyumbani

Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka hospitali, jamaa wengi huona hatari imepita. Katika wiki za mwanzo, vya kuchungwa zaidi ni kijiko na ngazi.

Kiharusi hulegeza misuli ya koo. Maji na chai hushuka upesi kabla njia ya hewa haijafungwa, yakaingia mapafuni na kuleta nimonia. Wengine hupaliwa bila hata kukohoa, kwa hiyo sauti ikiwa na majimaji baada ya kunywa, acheni kumlisha na mrudisheni kwa muuguzi. Mahamri ya kusukumiwa na chai hayamfai mgonjwa huyu, wala wali mkavu. Mketishe wima, umpe kijiko kidogo kupitia upande wa mdomo usiopooza, na usiongeze kingine mpaka uone koo limemeza. Kisha kagua shavu lililopooza, maana chakula hujificha hapo, umsafishe kinywa. Abaki ameketi nusu saa. Kumlisha akiwa amelala ni marufuku.

Nyumba nyingi za mawe za mji wa kale wa Lamu zina ngazi nyembamba, za mwinuko mkali, na watu huishi juu. Tunashauri kitanda chake kihamishiwe chini, hata kama sebule itapungua. Ikibidi kupanda, mguu mzima utangulie. Kushuka, utangulie uliopooza. Msaidizi awe nyuma yake akipanda, na mbele yake akishuka. Fimbo ishikwe kwa mkono mzima. Sakafu ya choo ikaushwe na taa iachwe ikiwaka usiku.

Msimwinue kwa kuvuta mkono uliopooza, bega hutoka mahali pake, mshikeni kiunoni. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2. Maji ya kuoga ayapime msaidizi, kwani ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua.

Dawa za presha haziachwi kwa kupata nafuu. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hata kwa dakika chache, andikeni saa dalili zilipoanza na mwende hospitali hapo hapo: kwa kawaida, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Mnaoishi Pate au Faza, patana mapema na nahodha wa boti ya mashine atakayekubali kutoka usiku. Msimpe aspirini njiani, kwa kuwa baadhi ya viharusi ni vya mshipa uliopasuka, na aspirini huzidisha kuvuja damu.