Sheria ya manispaa ya Kirumi ni nini?

Ni hati iliyouwekea mji ulio chini ya dola ya Roma utaratibu wa kujiendesha: nani achaguliwe, fedha za umma zitunzwe vipi, kesi gani ziamuliwe palepale mjini na zipi ziende kwa gavana wa jimbo.

Sheria hizi zilichongwa kwenye mabamba ya shaba. Mengi yaliyeyushwa karne zilizofuata, kwa kuwa shaba ni mali. Yaliyonusurika mengi yanatoka kusini mwa Hispania, na mengi zaidi kwa pamoja ni ya mji wa Irni, yaliyopatikana mwaka 1981 karibu na El Saucejo. Yalikuwa 10, yamebaki 6, na mwishoni pana barua ya mfalme Domitian ya mwaka 91 BK.

Irni ilikuwa na mahakimu wakuu wawili walioongoza mji, wasimamizi wa masoko na mizani, watunza hazina, na baraza la madiwani 63. Mahakimu waliamua madai yasiyozidi sesteri (sarafu za Kirumi) 1,000. Aliyemaliza mwaka wake wa uongozi alipata uraia wa Roma pamoja na wazazi, mke na watoto wake, kwa hiyo cheo kilitafutwa kwa bidii.

Ndiyo maana vifungu vya uchaguzi vinanivutia kuliko vingine. Tunavisoma katika sheria ya Malaca, yaani Málaga ya leo, iliyopatikana mwaka 1851. Kila sanduku la kura lililindwa na watu watatu wa kundi jingine la wapigakura, walioapa kuhesabu kwa haki, na kila mgombea aliruhusiwa kuweka wakala wake. Anayetaka uhakimu au utunza hazina alileta wadhamini kabla kura hazijapigwa, ili fedha za mji zikipotea pawe na wa kudaiwa. Aliyeshika fedha hizo alitakiwa kutoa hesabu ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kazi. Asipofanya hivyo, alidaiwa kiasi cha mara mbili ya fedha hizo.

Kifungu cha 95 cha Irni kiliamuru sheria yenyewe itundikwe mahali pa wazi kabisa, ambapo mtu aliyesimama chini angeweza kuisoma. Maneno ya Irni na Malaca yanapokutana hufanana karibu neno kwa neno, hivyo wataalamu hujazia pengo la bamba moja kwa maandishi ya jingine.