Mtoto hapati choo: kwa nini daktari anauliza siku aliyozaliwa?

Mtoto ana miaka minne. Choo anapata mara moja kwa wiki, kigumu kama kokoto, na papai, maji na ndizi mbivu vimeshashindwa. Daktari anauliza: "Mama, alipozaliwa, choo cha kwanza kilitoka lini?"

Hana nia ya kupoteza muda. Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark, alieleza mwaka 1886 ugonjwa ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mtoto huzaliwa na kipande cha mwisho cha utumbo mpana kisicho na seli za neva. Kipande hicho hakilegei, basi choo kinarundikana juu yake na tumbo linavimba. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 5,000, wavulana zaidi. Kichanga mwenye utumbo mzima kwa kawaida hutoa kile choo cheusi kinachonata ndani ya saa 24; zikipita 48 bila kitu, ni dalili ya kufuatiliwa. Uhakika hupatikana kwa kukata kinyama kidogo ndani ya njia ya haja kubwa na kukitazama kwa darubini. Tiba yake ni upasuaji.

Daktari atapapasa tumbo pia, ataangalia mgongo kwa chini, na mtoto akiwa amedumaa huenda akapima homoni za tezi ya shingoni.

Ila walio wengi mno hawana ugonjwa wowote. Siku moja choo kilimuuma, basi. Tangu hapo akisikia haja anasimama kwa ncha za vidole na kukaza makalio. Nyumbani wanadhani anasukuma, kumbe anazuia! Choo kikikaa, utumbo unakifyonza maji, kinazidi ugumu na kesho kinauma zaidi. Mwisho utumbo unatanuka hadi hausikii tena kwamba umejaa, na majimaji yanapenya pembeni na kuchafua chupi. Hapo mtoto huchapwa, au hupewa dawa ya kuzuia kuhara, na sijui lipi ni baya zaidi. Anachohitaji ni dawa ya kulainisha choo kwa miezi, maana utumbo uliotanuka haurudi kwa wiki moja.

"Usiku uleule," mama anajibu, "alinichafulia kitenge kipya."

"Vizuri. Na siku hizi, akibanwa, huwa anajificha nyuma ya mlango?"