Kuset visu vya tiknesa ni nini hasa

Fundi akikwambia visu vya tiknesa (mashine ya kuranda mbao iwe na unene mmoja) havijakaa seti, hasemi ni butu. Hapa ndo watu wengi wanapoteza hela, wanafungua visu wanapeleka kunolewa, vinarudi vikali kabisa na mbao bado inatoka na mawimbi. Kuset maana yake ni makali ya visu vyote yapite kwenye duara moja silinda inayobeba visu ikizunguka, yaani kila kisu kitokeze sawa na mwenzake na kiwe sawa kuanzia mwisho wa kushoto mpaka wa kulia. Ukali ni habari nyingine.

Chukua Makita 2012NB, ile ndogo ya inchi 12. Ina visu viwili, silinda inazunguka mara 8,500 kwa dakika na rola zinavuta mbao mita 8.5 kwa dakika hiyo hiyo. Piga hesabu: makato 17,000 kwenye milimita 8,500, kila kato linaacha alama ya nusu milimita, ukipitisha msasa kidogo tu imeisha. Sasa kisu kimoja kikitokeza zaidi, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, kile kifupi kinakata lakini alama zake zinafutwa na kile kirefu, kwa hiyo sura unayoiona juu ya mbao imeachwa na kisu kimoja na alama zinakuwa za milimita nzima. Hicho kirefu pia ndo kinabeba mzigo mkubwa kwa hiyo kinawahi kuisha.

Kosa la pili ni kisu kuwa juu upande mmoja. Hapo mbao inatoka nene kushoto kuliko kulia. Kulipima chukua vipande viwili vyembamba vya mbao moja, pitisha kimoja pembeni kabisa kushoto na kingine kulia bila kugusa mpini wa kimo, halafu pima unene wake kwa kipimo cha vernia. Tofauti ikiwepo usikimbilie visu, kwanza angalia kama silinda yenyewe na meza viko sambamba, maana visu unaviset kwa kufuata mwili wa silinda. Silinda ikiwa imelala upande, visu vilivyosetiwa vizuri navyo vitalala.

Mashine nyingi ndogo za siku hizi zinakupunguzia kazi. DeWalt DW735 kwa mfano, visu vyake vitatu vina makali pande mbili na vinakaa kwenye pini, hakuna cha kuset, unageuza au unaweka vipya. Lakini usafi ni lazima, na kwa kweli hapa ndo pa kutulia zaidi. Utomvu wa paini na vumbi vinagandamana chini ya kisu na kwenye kile chuma kinachokibana, ukifunga kisu kipya juu ya uchafu huo kimeshanyanyuka upande mmoja kabla hujawasha. Futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, pitisha kidole kwenye chuma (siyo kwenye makali!) mpaka usikie laini.

Zile za visu vya kunoa zina springi au skrubu za kunyanyulia kisu, na geji yake (kifaa cha kupimia kisu kitokeze kiasi gani) inakaa juu ya silinda. Unaacha springi ikinyanyue kisu, au unakinyanyua kwa skrubu, mpaka kiguse geji pande zote, unabana bolti kidogokidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, zote ziguse kwanza ndo uzikaze, maana ukikaza moja mpaka mwisho kisu kinapanda upande wa pili. Badilisha visu vyote kwa pamoja, na ukinoa noa vyote sawa, uzito ukitofautiana silinda inatikisika.

Plagi iwe imechomolewa muda wote, siyo kuzima swichi tu. Na shika kisu kwa kipande cha mbao au sumaku.

Ukiona mbao ina mstari mwembamba ulioinuka kutoka mwanzo mpaka mwisho, kuna mapengo kwenye makali, labda mbao ilikuwa na msumari. Kama bado huna visu vipya, sogeza kisu kimoja pembeni kama milimita moja, mashine ikiruhusu, ili mapengo yasipite njia moja, mstari unaondoka. Ila mbao ikichimbika mwanzoni na mwishoni tu, visu acha kama vilivyo, hapo mbao inanyanyuka ikiwa imeshikwa na rola moja, ishikilie usawa inapoingia na inapotoka.