Matukio huru ni nini? Swali la baba AS na mama AS

Wanafunzi wa kidato cha nne wanaokuja kwangu jioni kwa masomo ya ziada hukutana na swali hili kabla ya jingine lolote la uwezekano. Baba ana AS, mama ana AS, yaani kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ingawa yeye mwenyewe haumwi. Mtoto wao wa kwanza amezaliwa na selimundu. Sasa mama ana mimba ya pili. Kuna uwezekano gani mtoto huyu naye awe na selimundu?

Majibu huja ya aina tatu. Wapo wanaosema sifuri, au karibu na sifuri, kwa sababu "ni mmoja kati ya wanne, na huyo mmoja ameshapatikana". Wapo wanaozidisha robo kwa robo wakaandika 1/16. Na wapo wanaoandika 1/4. Hawa wa mwisho wamepata, lakini ukiwauliza kwa nini, wengi hunyamaza. Ndiyo maana nalipenda swali hili: jibu ni jepesi, sababu yake ndiyo kazi. Na silipendi kwa ajili ya mtihani tu. Nimewahi kumsikia mama mwenye mtoto mgonjwa akifarijiwa na jirani yake kwamba zamu yake imeshapita, wanaofuata watakuwa wazima. Jirani alisema kwa nia njema kabisa, na alikosea.

Hesabu huita matukio mawili huru pale ambapo kujua kwamba moja limetokea hakubadilishi hata kidogo uwezekano wa jingine. Neno la kushika hapo ni "kujua". Litatusumbua baadaye.

Tuanze na damu yenyewe. Ndani ya chembe nyekundu mna himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Maelekezo ya kutengeneza sehemu yake inayoitwa beta yako katika jeni moja kwenye kromosomu ya 11, na kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala ya kawaida tunaiita A. Nakala ya S ina badiliko dogo mno: asidi amino ya sita katika mnyororo, ambayo ingekuwa asidi ya glutamiki, imekuwa valini. Mwenye S mbili, yaani SS, oksijeni inapopungua himoglobini yake hushikana na kuwa nyuzi, chembe hujipinda mfano wa mundu, nazo hukwama katika mishipa midogo. Maumivu yanatoka huko, na jina la ugonjwa pia. Mwenye AS kwa kawaida huishi bila dalili, na wengi huzeeka bila kujua kwamba wamebeba S.

Sasa chukua sarafu mbili za shilingi 200 za Tanzania. Upande mmoja yupo Abeid Karume, upande wa pili wapo simba. Abeid awe A, Simba awe S. Sarafu moja ni ya baba, ya pili ni ya mama, na kupata mtoto ni kurusha zote mbili kwa pamoja. Matokeo ni manne, yote yenye nafasi sawa: Abeid na Abeid, Abeid na Simba, Simba na Abeid, Simba na Simba. La kwanza ni mtoto AA. La pili na la tatu ni AS, tofauti ni nani tu aliyeleta S. La nne ni SS. Kwa hiyo AA ni 1/4, AS ni 1/2, SS ni 1/4.

Mimba ya pili ikija, sarafu zinarushwa upya. Hazikumbuki zilivyoanguka mara ya kwanza. Mwilini nako ni hivyo hivyo: mbegu na yai vinavyokutana katika mimba ya pili si vile vilivyokutana katika ya kwanza, na kila kimoja kilibeba A au S bila kujali mtoto aliyetangulia alipewa nini. Hakuna mahali panapoandikwa deni lililolipwa. Jibu ni 1/4 kwa mtoto wa pili, 1/4 kwa wa tatu, 1/4 kwa wa saba.

Yule wa 1/16 hakukosea kuzidisha. Amejibu swali ambalo halikuulizwa. Robo mara robo ni uwezekano wa watoto wote wawili kuwa SS, ukihesabiwa kabla hata mmoja hajazaliwa. Lakini katika swali letu wa kwanza ameshazaliwa. Hilo si jambo la kubahatisha tena, liko mikononi. Kilichobaki kubahatishwa ni mtoto mmoja tu.

"Mmoja kati ya wanne" basi ina maana gani? Chukua familia 256, zote baba AS na mama AS, zote zenye watoto wanne. Familia zisizo na mtoto hata mmoja mwenye SS zinatarajiwa kuwa 81. Zenye mmoja ni 108. Zenye wawili ni 54, zenye watatu ni 12, na familia moja watoto wote wanne watakuwa na selimundu. Ukitaka kuhakiki, 81 imetoka kwa 3/4 × 3/4 × 3/4 × 3/4 ya familia 256, na 108 ni mpangilio wa mgonjwa mmoja na wazima watatu, ambao unaweza kutokea kwa njia nne kutegemea ni mtoto wa ngapi. Angalia basi: familia zinazopata mgonjwa mmoja barabara kati ya wanne hazifiki hata nusu. Ile robo ni ya watoto wote 1,024 wakiwekwa pamoja, haikuahidiwa nyumba yoyote.

Robo hujitokeza vizuri idadi inapokuwa kubwa. Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno aliyechapisha kazi yake mwaka 1866, alihesabu mbegu 7,324 za njegere katika kizazi cha pili cha mimea yake: 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zilikuwa na makunyanzi. Gawanya mwenyewe, utapata makunyanzi ni asilimia 25 na kidogo. Lakini angefungua ganda moja lenye mbegu nane asingeshangaa kukuta zote za mviringo, au nne zenye makunyanzi.

Wanafunzi wanaosomea uuguzi huniletea pingamizi moja, na ni pingamizi la haki. Wanasema kliniki wanazofanyia mazoezi wanaona familia zenye wagonjwa wawili au watatu mara nyingi mno, hivyo robo haiwezi kuwa kweli. Wanachokiona ni kweli, na robo ni kweli pia. Rudi kwenye familia zetu 256. Zile 81 zisizo na mgonjwa hazifiki kliniki, hazina sababu ya kwenda. Zinazofika ni 175, zenye watoto 700, na ndani yake wamo wagonjwa wote 256. Gawanya 256 kwa 700: karibu asilimia 37. Muuguzi anayehesabu foleni yake anapata zaidi ya theluthi bila kudanganywa na mtu, kwa sababu mlango wa kliniki umeshachuja nani aingie kwenye hesabu. Ukikuta takwimu yoyote, uliza kwanza walioachwa nje ya mlango ni akina nani.

Sasa tuone uhuru unapovunjika, maana dhana hueleweka zaidi pale inaposhindwa. Mama akijifungua mapacha wa kufanana, wa kwanza akawa SS, wa pili ni nani? Ni SS pia, hakuna robo hapo. Wametokana na yai moja lililogawanyika, kwa hiyo sarafu zilirushwa mara moja tu kwa ajili ya wote wawili. Mapacha wasiofanana ni mayai mawili na mbegu mbili, nao ni kama ndugu wengine wowote: robo na robo.

Mfano mwingine ni wa wanandoa wenyewe. Tuseme katika mji fulani watu 20 kati ya kila 100 ni AS (namba ya mfano tu, ili tupige hesabu). Uwezekano wa mume na mke wote kuwa AS ni 0.2 mara 0.2, yaani 0.04, na uwezekano wa mtoto wao kuwa SS ni robo ya hiyo, 0.01. Hesabu safi. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba watu huoana bila uhusiano wowote wa damu wala asili. Mtu anayemwoa binti wa mjomba wake ana babu na bibi mmoja naye. S iliyokuwa kwa babu huyo ingeweza kushuka pande zote mbili. Na hata pasipo undugu, S haikutapakaa sawasawa nchini. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliikuta kwa wingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria na kwa uchache nyanda za juu, na mwaka 1954 akachapisha sababu: mtoto mwenye AS ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Palipokuwa na mbu, S ilibaki na kuongezeka. Kwa hiyo wawili wa pwani wakioana, kujua kwamba mmoja ni AS kunapandisha kidogo uwezekano wa mwenzake, kwa sababu kunatudokeza nyumbani kwao ni wapi. Kuzidisha 0.2 kwa 0.2 hapo ni kukadiria, na majibu ya kweli yanaweza kuwa juu zaidi.

Nimeliacha swali gumu liwe la mwisho. Miaka imepita, na yule mtoto wa kwanza mwenye selimundu ana dada. Dada huyu ni mtu mzima, hana ugonjwa, hajapimwa. Kuna uwezekano gani awe AS?

Wengi husema nusu, kwa sababu AS ilikuwa 1/2. Lakini tumeshajua jambo moja juu yake: si SS. Katika yale matokeo manne ya sarafu, Simba na Simba limefutwa. Yamebaki matatu yenye nafasi sawa, na mawili kati yake ni AS. Jibu ni 2/3. (Nimesema ni mtu mzima kwa makusudi. Mtoto mchanga mwenye SS huonekana mzima miezi ya mwanzo, kwa kuwa bado damu yake imejaa himoglobini ya tumboni isiyohitaji mnyororo wa beta. Kwa mtoto wa miezi miwili, kutokuonekana na ugonjwa hakufuti chochote.)

Dada ameolewa na mume ambaye amepimwa, ni AS. Uwezekano wa mtoto wao wa kwanza kuwa SS ni 2/3 mara 1/4, yaani 1/6. Wamepata watoto watatu, wameshakua, wote hawana ugonjwa. Mimba ya nne je?

Darasa zima hupiga kelele: bado 1/6, mwalimu, umetuambia sarafu hazikumbuki! Nami nawaambia wapige hesabu. Chukua wanawake 192 wenye hali kama ya dada huyu. Theluthi mbili, yaani 128, ni AS. 64 ni AA. Wale 64 hawawezi kabisa kuzaa mtoto SS, hivyo wote 64 wana watoto watatu wasio na ugonjwa. Katika wale 128, wanaotarajiwa kufika watoto watatu bila mgonjwa ni 27/64 yao, yaani 54. Jumla ni 118, na wenye AS ndani yake ni 54, chini kidogo ya asilimia 46. Robo ya hiyo ni asilimia 11 na nusu hivi, wakati 1/6 ilikuwa karibu 17. Watoto watatu waliotangulia wamebadilisha jibu la wa nne.

Sarafu hazijaanza kukumbuka. Katika swali la kwanza tulijua sarafu zote mbili zina Simba upande mmoja, kwa hiyo watoto waliotangulia hawakuwa na la kutuongezea. Katika swali hili hatujui kama sarafu ya dada ina Simba kabisa, au ina Abeid pande zote mbili. Kila mtoto asiye na ugonjwa anatunong'oneza kidogo kuhusu sarafu hiyo. Tukio lile lile, kuzaliwa kwa mtoto, ni huru kwa anayejua damu ya wazazi, na si huru kwa asiyejua.

Dada akienda kupima himoglobini yake, minong'ono yote inakoma siku hiyo hiyo. Majibu yakisoma AA, mimba ya nne ni sifuri, nayo ya tano. Yakisoma AS, ni robo, na wale watoto watatu hawana tena neno la kuongeza.