Je, kadi ya grafiki ya zamani yaweza kuendesha gemu za leo bila kukwama?

Kwa muda mrefu aliyeniuliza swali hili nilimwambia atazame mwaka wa kadi: ikiwa ya kabla ya 2018, aisahau. Nilikosea.

GTX 1080 Ti, kadi ya Nvidia, ilitoka 2017, na katika gemu nyingi za kawaida bado inaipita RTX 2060 Super ya 2019. Lakini Indiana Jones and the Great Circle, gemu ya Desemba 2024, inadai kadi yenye sakiti maalumu za kufuatilia miale ya mwanga. 1080 Ti haina, 2060 Super inazo. Mdogo mtu akaingia, kaka mtu na misuli yake akabaki mlangoni. Doom: The Dark Ages ya 2025 nayo ni hivyo hivyo.

Gemu za namna hiyo bado ni chache. Kinachowatesa wengi ni kumbukumbu ya kadi.

Mimi nilikuwa na GTX 1060 ya gigabaiti 3. Kihesabu kilisoma fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, ila kila nikikata kona picha inaganda, kisha inaruka. Nikashusha rezolusheni. Nikazima vivuli. Wapi!

Mfikirie mpika chapati. Mikono yake ni myepesi, lakini meza yake ndogo. Unga ukiwa mezani, chapati zinatoka mfululizo. Meza, yaani kumbukumbu ya kadi, ikijaa, unga unabaki dukani, kwenye RAM ya kompyuta, na mtoto anatumwa kila unapohitajika. Mpishi hajachoka, anasubiri tu. Kwenye GTX 1060 ya gigabaiti 6, meza hiyo hupitisha gigabaiti 192 kwa sekunde. Njia ya dukani, yaani PCIe 3.0 inayounganisha kadi na kompyuta, takriban 16. Fremu moja ina milisekunde 16.7 tu. Mtoto akichelewa, jicho linaona, ingawa wastani unabaki mzuri.

Nilichopaswa kushusha ni tekscha, zile picha zinazovishwa kuta na nyuso. Kuta zikawa kama zimepakwa uji, lakini kukwama kukapungua sana. Si kila mkwamo unatoka hapo, lakini. Prosesa iliyolemewa huleta dalili zinazofanana. FSR ya AMD, mbinu ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza, ilitoka 2021; matoleo yake ya mwanzo hukubali hata kadi hizi na hupunguza kazi ya mpishi, ila meza hayaongezi.

Ukinunua mtumba, usiamini jina. GTX 1060 ya gigabaiti 3 ina viini vya kukokotoa 1,152, ya gigabaiti 6 ina 1,280, na zote mbili zinaitwa GTX 1060.