Kutega kinubi cha ukubwa wa chumba katika nyumba ya mawe, Lamu

Kinubi cha okestra kina nyuzi 47 na pedali 7, na msikilizaji hukaa mbali nacho. Hiki ninachokieleza, mtu huingia ndani yake: nyaya 12 zinapita chumbani kwa urefu wa kiuno, mpigaji anatembea katikati, wasikilizaji wameketi mikekani ukutani. Namna hii ya kupiga ina wenyewe. Ellen Fullman wa Marekani ameishughulikia tangu miaka ya 1980.

Nyumba zetu za mawe zinakifaa kwa sababu ya boriti. Chumba hakipanuki kupita pale boriti ya mkoko inapofika, kama mita 2.8 hivi, kwa hiyo hurefuka. Tafuta chenye urefu wa mita 9 au zaidi.

Waya ni shaba nyeupe, unene nusu milimita. Chuma cha kawaida hapa hushika kutu baada ya siku chache tu. Ukiutega waya wa mita 7.9 kwa mvuto wa kilo 5 kisha ukauchapa kwa kidole, unayumba kama mara 11 kwa sekunde, na sikio halisikii chini ya 20 hivi. Utaambulia mchakacho. Sauti hutoka ukiusugua kwa urefu wake, vidole vikiwa na rozini ile wanayopaka wapiga fidla wa taarabu kwenye upinde. Hapo mtikisiko unakimbia ndani ya shaba yenyewe, karibu mita 3,480 kwa sekunde, ukiuvuta na kuusukuma ubao wa sauti. Gawa mwendo huo kwa urefu wa waya mara mbili: mita 7.9 inakupa mitikisiko 220 kwa sekunde, yaani noti ya La.

Hapa ndipo wapiga udi hunibishia. Kukaza waya hakupandishi noti. Kinachopandisha ni kuufupisha. Basi tunafunga kibano kizito juu ya waya, na kipande kati ya kibano na ubao ndicho kinacholia. (Kibano chepesi hakifai, mtikisiko unakipita.) Kupanda nusu toni kutoka 220 kunataka kusogea sentimita 44. Robo toni, ile inayotafutwa katika maqamu (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) kama Rasti na Bayati, ni kama sentimita 22, na inapimwa kwa futi ya fundi seremala. Kwa maqamu sijaona chombo chepesi kuliko hiki.

Usitoboe ukuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, skrubu hutoka na donge lake, na Mji wa Kale uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Tengeneza fremu mbili zinazosimama zenyewe. Nyaya 12 kwa kilo 5 ni kilo 60 zinazovuta kila fremu kwa ndani, kwa kimo cha mita 1.1. Mpe kila fremu mguu wa mita 1.5 ulioelekea katikati ya chumba, na nyuma yake, juu kabisa ya kisigino, magunia mawili ya mchanga ya kilo 50. Kwa hesabu, kilo 44 zingetosha kuizuia isipinduke. Zilizobaki ni za mtoto atakayening'inia.

Haitapinduka, lakini itateleza. Sakafu laini haiishiki, fremu inatambaa pole pole, na kufika usiku nyaya zimelegea na sauti imefifia bila noti kubadilika, ndiyo maana watu hawagundui kosa liko wapi. Dawa yake ni boriti moja iliyolazwa sakafuni kati ya miguu miwili. Mvuto upime kwa mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, waya mmoja mmoja.

Masanduku ya sauti ni mawili, nyaya 6 kila moja, zikiachana sentimita 3, na njia ya sentimita 60 katikati. Ubao uwe plaiwudi ya majini ya milimita 4. Ya kawaida gundi yake huachia kwa unyevu, ubao ukatuna, na kila noti ikaanza kuvuma kama nyuki. Gundisha ufito wa mvule nyuma ya mstari wa matundu yanayopitisha nyaya.

Kupiga: vidole vikavu, shika waya kati ya dole gumba na cha shahada, tembea kinyumenyume polepole. Ukikimbia, waya unapiga yowe. Kaskazi ikitulia na joto kupanda, jasho linaifanya rozini kuwa ulimbo na sauti inakatika vipande; weka kitambaa na unga wa rozini kila mwisho wa njia. Baada ya onyesho futa nyaya kwa spiriti, la sivyo asubuhi utakuta kutu ya kijani.

Taa ziwe chini, lakini waya wa nusu milimita hauonekani gizani, kwa hiyo funga ukindu mweupe karibu na fremu, nje ya vibano, pasipolia. Anza baada ya Isha. Misikiti ya mtaani iko karibu mno, na kinubi hiki hakina kipaza sauti cha kushindana na adhana, wala hakipaswi.